Bunduki ya Mjomba Eliezer

Kaka yangu Nshombo hajui kusema uongo, na nawaambia wazi kwamba hiyo si sifa, ni ugonjwa. Mgeni akisema ameshiba, asante, yeye atamjibu, "Vizuri, maana Nzigire alikuwa na wasiwasi chakula hakitatosha." Nzigire ndiye mimi, mdogo wake. Tulitoka Uvira pamoja, tukakaa kambi ya wakimbizi Uganda pamoja, na tangu mwaka 2011 tunaishi pamoja Louisville, mtaa wa Beechmont. Yeye anapakia maboksi kwenye ghala, mimi natunza wazee. Mke wake alifia kambini. Miaka minane hakumtazama mwanamke mwingine, nami nilishakubali kwamba tutazeeka hivyo hivyo, watu wawili na televisheni moja.

Kisha, mapema mwaka 2015, akaenda Columbus na kwaya ya kanisa, akarudi hajui tena kula. Anakaa mezani, macho yako dirishani, ugali unapoa mkononi. Nikamwambia, "Yaya," maana kwetu kaka mkubwa anaitwa yaya, "mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Anaitwa nani?"

"Adolphine," akasema, kisha akatabasamu peke yake kwa muda mrefu, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili.

Adolphine alikuwa mjane, mtu wa Fizi, jirani na kwetu, anaishi Whitehall, pembeni mwa Columbus, anafua mashuka ya hospitali. Nilimpenda siku ya kwanza niliyomwona. Anaongea polepole, anacheka kwa sauti ya chini, na mkono wake wa kushoto haunyooki vizuri, kwa hiyo sufuria anaibeba kwa wa kulia. Sikumuuliza. Sisi watu wa kambi tunajua kutouliza.

Shida ilikuwa mjomba wake. Wazazi wa Adolphine walikufa zamani, na mwenye kumtoa alikuwa mzee Eliezer, kaka wa mama yake, aliyeletwa Buffalo na wanawe. Ukoo wao ni wawindaji wa milimani, na kwao binti haondoki mpaka mjomba apewe bunduki. Siku hizi watu wanatoa pesa mahali pake, wanaiita pesa ya bunduki, mambo yanaisha. Nshombo akapiga simu Buffalo, heshima zote, shikamoo kumi, akauliza ni kiasi gani.

"Sitaki pesa," mzee akasema. "Huko mliko bunduki zinauzwa dukani kama viatu. Leta bunduki. Ya vita, si ya ndege. Hata ikiwa ya zamani, sawa tu. Usipoileta, mtoto wangu haolewi." Akakata simu.

Nilisema huyo mzee ana wazimu. Nshombo akasema mila ni mila. Alikuwa hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Alizikimbia tu.

Jumamosi moja ya Aprili nikampeleka mtaa wa Highview, kwenye duka la bunduki lililobanwa kati ya duka la piza na la kucha. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kizungu mwenye miwani ya kamba shingoni. Nilipomweleza kwamba kaka yangu hajui kitu, hakutucheka. Alitoa bunduki ya Warusi, ndefu, ya mwaka 1943, nzito ya mti na chuma, yote imepakwa grisi ya kahawia tangu ilipofungiwa ghalani baada ya vita. Akasema inamfaa anayeanza, kwa sababu haina ujanja mwingi. Akamfundisha kwanza kufungua na kutazama kama ina risasi, hata kama ameambiwa haina. Kisha akaleta karatasi za serikali.

Kwenye karatasi zile kuna swali moja: wewe ndiye mnunuzi mwenyewe, au unamnunulia mtu mwingine? Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Nikamwambia Nshombo kwa Kiswahili, "Andika ndiyo, ni yangu, twende." Lakini yaya Kiingereza kidogo anakijua. Akamtazama yule mzee usoni, akamwambia si yake, ni ya mjomba wa mchumba wake, ni mahari.

Mzee akaichukua kalamu yake taratibu, akaifunga kifuniko.

Alieleza kwa upole. Zawadi inaruhusiwa, lakini kumnunulia mtu kitu alichokudai ni jambo jingine, na yeye akishasikia hivyo hawezi kuuza. Bunduki ukiwa umeinunua iwe yako, na baadaye ukaamua kumpa mtu wa jimbo lingine, inatumwa kutoka duka hadi duka, na mpokeaji anajaza karatasi zake kule. Tukatoka. Ndani ya gari nilimwambia kaka yangu kila kitu nilichokuwa nacho kifuani. Nilimwambia heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kwamba Adolphine ataolewa na mtu mwenye akili.

Tukafika nyumbani. Kisha akasema, "Donc, basi, itabidi niitake."

"Uitake nini?"

"Bunduki. Niitake mimi mwenyewe. Nikiitaka kweli, nitaandika ni yangu, na sitakuwa nimesema uongo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Kila Jumamosi akawa anapanda mabasi mawili kwenda Highview kujifunza kuitaka bunduki. Mwanzoni, aliniambia, hakuona kitu, chuma tu na mafuta. Wiki ya tatu aliona kwamba mti wake una mistari, kama maji yanayotembea polepole. Wiki ya tano aliona mkwaruzo mdogo kwenye kitako, pale mtu fulani alipoegemeza shavu lake, na akaanza kumuwaza mtu huyo: alikuwa na miaka mingapi, alikula nini, theluji ya kwao ikoje. Alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyelala. Nilimwita mara mbili, tatu, ndipo akasikia. Mwezi wa sita akanitazama kwa mshangao akasema, "Nzigire, naitaka."

Tukarudi. Yule mzee hakuwa amesahau, akamuuliza tena kwa mdomo. Nshombo akasema ni yake, ya kwake mwenyewe, na uso wake ulikuwa wazi kabisa hivi kwamba hata mimi niliamini. Alitia sahihi, akaonyesha kadi yake ya kijani ya ukaaji, mzee akawapigia simu wakaguzi wa serikali, wakajibu apewe.

Bon, haya, msidhani mambo yaliishia hapo. Ukinunua bunduki kama ile umenunua grisi. Tuliizungushia matambara, tukaitia ndani ya mfuko mweusi wa takataka, tukailaza barazani nyuma, mahali jua la Julai linapopiga. Ikatoka jasho. Grisi ya miaka sabini ilikuwa ikitiririka kutoka ndani ya mti, na kaka yangu amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, anafuta, anangoja, anafuta. Nyumba nzima ilinuka gereji. Alasiri zile zilikuwa ndefu na za joto, wadudu wanalia kwenye miti, na mimi nikilala kwenye kochi baada ya kazi nilikuwa nasikia kitambaa kikipita juu ya mti, taratibu, nikaota nipo ziwani kwetu, mama anasugua sufuria. Sikumwambia.

Agosti akaenda kwenye uwanja wa kulengea shabaha. Alirudi na bega la zambarau. Risasi tano, moja tu iligusa karatasi. Risasi za zamani zina chumvi inayokula chuma, kwa hiyo akachukua birika langu la chai, akamimina maji ya moto kwenye mtutu. Tuligombana kwa sababu ya birika lile siku mbili. Lakini nilimwona anavyoikausha, anavyoitia kufuli, anavyofunga kabati na kusimama pale kidogo. Alikuwa na furaha. Tangu mkewe afe sikumwona amekuwa na kitu chake mwenyewe.

Hapo ndipo mtego ulipomnasa. Adolphine alikuwa akipiga simu kila jioni kuuliza safari ya Buffalo ni lini, na yaya akawa anasema wiki ijayo. Nikamuuliza kwa nini haitumi kupitia duka, kama tulivyoelezwa.

"Niliandika ni yangu," akasema. "Nikiipeleka sasa, si niliwadanganya?"

"Na Adolphine?"

Akaenda kukagua kufuli la kabati. Nilisikitika sana usiku ule, kwa sababu nilijua kaka yangu anaweza kumpoteza mwanamke kwa ajili ya neno moja kwenye karatasi, na kwamba moyoni mwake anadhani huo ndio uaminifu.

Novemba nikachoka, nikamtia ndani ya gari. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulipitia Whitehall, tukamchukua Adolphine na chungu cha sombe, kisamvu chetu, tukapanda kaskazini. Mashamba yalikuwa yamevunwa, ukungu umelala juu yake, barabara inakuja tu, inakuja tu. "Bunduki iko?" Adolphine akauliza. "Iko," Nshombo akasema, na ulikuwa ukweli, ilikuwepo kabatini Louisville. Adolphine akalala, kichwa kwenye bega lake, akidhani iko nyuma kwenye buti. Nilikaza mikono kwenye usukani. Tulipokaribia Buffalo theluji ikaanza, laini, bila sauti.

Mzee Eliezer alikuwa mrefu, amekonda, kavaa koti la suti juu ya sweta. Tulikula. Tuliomba. Kisha akaweka mikono magotini.

"Bunduki iko wapi?"

"Iko Louisville, mjomba. Nilitia sahihi kwamba ni yangu. Nikikupa, neno langu linakuwa uongo."

Adolphine alimgeukia Nshombo, akamtazama kama mtu aliyeamshwa vibaya. Nilitamani sakafu inimeze.

"Unaipenda?" mzee akauliza.

"Naipenda."

"Kuliko huyu?"

"Hapana, mjomba. Kuliko huyu, hapana."

"Unadhani nataka kuwinda," mzee akasema. "Niwinde nini hapa, kindi? Sikiliza. Bunduki ya mjomba si ya nyama. Mwanaume akiiweka mikononi mwangu, anasema mbele ya watu: siku nikimtesa mtoto wako, njoo, na usikose cha kuja nacho. Mume wake wa kwanza alileta pesa ya bunduki. Niliipokea. Nilinunua mabati. Mwaka haukuisha, wakaja kuniambia amemvunja mkono. Nilikaa chini ya mabati yangu nikajiuliza, nitaenda na nini? Basi sikwenda."

Adolphine alikuwa anatazama meza.

"Mjomba," akasema, "nilikungoja."

"Najua."

"Nilikaa mlangoni siku tatu. Kila mtu mrefu akipita njiani nasema ni wewe."

"Najua, mwanangu." Na mzee yule akalia mbele yetu, bila kujifunika uso, nami nikalia naye.

Nshombo akasimama. "Mjomba, siku ninainunua ilikuwa yangu kweli. Sikudanganya mtu. Leo nimesikia, na leo ndiyo nakupa."

Aliifuta mara ya mwisho nyumbani kwetu, kwa mafuta mapya, polepole mno, na siku mbili zilizofuata hakugusa chakula. Yule mzee wa Highview akaifunga ndani ya boksi, akaituma kwenye duka moja la Buffalo. Machi 2016 tulisafiri tena. Mjomba Eliezer alikuja na tai shingoni. Alijaza karatasi zake, Adolphine akimsomea swali moja baada ya jingine, muuzaji akapiga simu, akaweka bunduki juu ya meza. Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Kijana muuzaji, kwa urafiki tu, akauliza ni ya kuwinda au ya kulenga shabaha.

"Mwambie," mzee akasema, "naomba Mungu nisiitumie hata siku moja. Lakini safari hii nitakuja."

Adolphine akafungua mdomo atafsiri, akashindwa. Akajaribu tena. Mwisho akamwambia yule kijana kwa Kiingereza kwamba huyu ni mjomba wake.