Wanawake Waliodeki Kanisa Letu

Jumuiya yetu, yaani majirani tunaosali pamoja kila Jumatano, leo nyumba hii, wiki ijayo ile, iliponichagua kuandika historia ya kanisa, sikujidanganya kwamba ni kwa sababu ya kipaji. Mwenyekiti alisema wazi: "Huyu hatoki nyumbani. Wakati anao." Watu wakacheka, nami nikacheka, maana safari yangu ndefu kuliko zote mwaka ule ilikuwa Soko la Burma, hapo karibu tu, kununua nyama, na nilirudi nimechoka kama mtu aliyetoka kuhiji.

Basi nikaketi kwenye kochi, nikaandika kurasa nne. Mapadre niliwapanga wote: nani alikuja, nani alihamishwa, nani aliweka jiwe la msingi. Kwa mtu aliyeishia fomu foo, yaani kidato cha nne, niliona nimeua, kazi safi.

Nikavuka ua kwenda kumsomea jirani yangu, mama mzee aliyeletwa huku kutoka magharibi mwa nchi akiwa bibi arusi wa mfanyakazi wa reli. Alikuwa akifunga mizigo. Ijumaa angerudi kwao, na safari hii si ya kutembea, bali ya kukaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri, kijana wangu. Mapadre wote wamo. Sasa kanisa liko wapi?"

Ndipo akanieleza nisilolijua, mimi niliyebatizwa humo humo. Kabla ya kuta za kanisa kujengwa, Misa ilisomwa katika ukumbi wa mtaa, na Jumamosi ukumbi huo ulikuwa wa dansi. Kila Jumapili alfajiri wanawake sita walifika na ndoo zao, wakaokota vifuniko vya chupa na kudeki bia sakafuni, ndipo meza ya altare ikawekwa. Padre wa kwanza alizaliwa ng'ambo, katika kijiji cha mashamba ya mizabibu. Walipomwomba radhi kwa ile harufu, aliwaambia kanisa la kwao lilinuka divai kila msimu wa mavuno, na Mungu hakuwahi kuhama.

"Wenzangu watano wametangulia," akasema. "Hiyo historia yako itasomwa kanisani Jumapili, mimi sipo. Nilitaka nisikie mara moja tu mtu akisema kwamba tulideki."

Nashukuru hadi leo kwamba nilivuka ua ule. Niliandika upya, kisha nikafanya jambo ambalo jamaa zangu bado hawaamini: nilitoka. Nikabisha mlango kwa mlango, nikiomba sala za Jumatano ile zihamie kwa yule mama.

"Niaje, mzee, umefukuzwa kwako?" jirani wa ghorofani akaniuliza. Lakini alikuja. Walikuja wote, tukaketi juu ya magunia na masanduku yaliyofungwa.

Nikasoma. Nilipofika kwa wale wanawake sita, nilitaja jina la kwanza, nikatua nipumue. Watu, kwa mazoea ya litania, ile sala ya kuwaita watakatifu mmoja mmoja, wakaitikia kwa pamoja: "Utuombee."

Nikaendelea. La pili: "Utuombee." Hivyo hivyo hadi la sita, ambalo lilikuwa lake. "Utuombee," wakaitikia, kisha kila mtu akaanza kuangalia viatu vyake.

Mama alikuwa akicheka, machozi yakimtoka.

"Mimi bado niko hapa," akasema. "Niombeeni nyinyi kwanza. Na wewe, hebu rudia pale pa kudeki. Polepole."

Nikarudia.