Wembe wa Ukoo na Singe ya Majimoto

Nianze na upumbavu wenyewe, maana mtausikia tu kwa watu: niliiba wembe wa ukoo kwenye sanduku la mama nikaenda kuubadilisha na singe, baba yangu hajamaliza hata mwezi kaburini. Chekeni sasa, mkimaliza mniambie niendelee.

Mnajua nilivyo na kichaa cha vyuma vya zamani. Chini ya kitanda changu pale kijijini kwetu Mamba kuna gunia, ndani yake kofia ya chuma ya askari (bibi alikuwa anaitumia kunyweshea kuku maji), chupa ya maji ya jeshi iliyobonyea, na visu visivyo na mpini, na shuleni wananiita Profesa kwa sababu chuma chochote ukinipa nakigeuza, natafuta alama iliyogongwa karibu na mpini, nakwambia hiki cha Mjerumani, hiki cha Mwingereza. Nusu ya hayo natunga, ila natunga kwa sauti ya kujiamini, na watu wanapenda sauti.

Sasa siku ya mnada Majimoto muuza vyuma chakavu mmoja akanionyesha singe, ile ya kuchomeka mbele ya bunduki, ndefu, ina alama ya taji. Nikaipima mkononi, nikasema taratibu kama daktari, "Hii ya vita ya kwanza." Yule mzee akasema, "Kijana unajua mambo wewe," na hapo ndipo nilipokwisha. Hela sina. Akauliza nina chuma gani cha kubadilishana, nikakumbuka wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, ambao babu alirudi nao kutoka jeshi la Mwingereza. Nikajiambia baba hayupo tena wa kuutumia kunyolea ndevu, na dukani nyembe zimejaa. Mambo ya matanga hata sikuyawaza (ndiyo faida ya kukaa bweni, unajua taji la Mwingereza, hujui mila za kwenu).

Kumbe kwetu mjane ananyolewa na wifi yake kwa wembe wa ukoo, huo huo, siyo mwingine. Kabla hajanyolewa haendi shamba, haendi mnada, anakaa ndani. Na ulikuwa msimu wa kupandikiza mpunga, miche ya mama imeshaanza kuzidi kitaluni, majirani wote wako majarubani, yeye anahesabu siku ya kunyolewa kama mfungwa.

Siku ikafika, uwanja umejaa watu, mama kakaa kwenye mkeka kichwa wazi, maji yako kwenye beseni. Shangazi Tekla, dada yake baba, akasema, "Wifi, wembe." Mama akamtuma mdogo wangu sandukuni. Akarudi mikono mitupu. Shangazi akaagiza sanduku lenyewe liletwe pale pale uwanjani, akaanza kutoa nguo moja moja, anakung'uta, anaweka mbele ya wanaume: kitenge cha harusi, gagulo, sidiria iliyoshonewa uzi mweusi.

"Wifi, sema tu umeuza."

"Sijauza, wifi."

"Basi wembe umeota miguu. Kaka yangu hata hajapoa."

Mimi nimeegemea nguzo ya nyumba, mdomo huu mnaoujua nyie, usioishiwa maneno hata kanisani, umekauka.

Sanduku lilipopinduliwa na kukung'utwa ndipo nikapata wazo la kishujaa, nikakimbia chumbani, nikatoka na singe, nikaiinua juu nikasema, "Shangazi, tumia hii, ni ya zamani zaidi." (Ndiyo, nilisema hivyo, matangani, kwa sauti ya Profesa.)

Baba mdogo Kasiano akaninyang'anya, akaipindua, akalikwangua lile taji kwa ukucha. "Hii springi ya gari," akasema. "Mtu kaigonga, akachora kwa msumari. Sasa wewe, wembe uko wapi?"

Nikasema. Watu wakacheka, vijana wengine wakashikana mabega kwa kucheka.

Baba mdogo akanipakia kwenye baiskeli hadi Majimoto. Muuza vyuma alishahama, watu wa pale wanadhani kaelekea Sumbawanga. Tuliporudi tukakuta mtu kaleta wembe wa dukani na shangazi kakataa hata kuushika. Wageni wakala, wakaaga. Mama akarudishwa ndani na nywele zake, mpaka wazee wakae tena, na hakuna aliyesema watakaa lini. Mpunga haujui habari za wazee.

Jioni nguo zilikuwa bado kwenye mkeka. Nikaziokota, nikaanza kuzikunja, na nina mzaha tayari kwenye ulimi, maana mimi bila mzaha siwezi hata kuomba msamaha. Mama akanipokonya kitenge mkononi, akasema:

"Nilijua ni wewe tangu wanafungua sanduku. Nikanyamaza, nione utaniacha mpaka nguo ya ngapi."