Taa Iliyogoma Kuzimika

Usiku ule Tsonka hakulala. Alilaza kichwa tu, simu chini ya mto, masikio wazi. Yavor, mwanawe wa pekee, alikuwa ameahidi kumjulisha kama kesho atakuja kuchukua pikipiki yake, na hadi majogoo ya kwanza hakuwa ametuma neno. Kando yake Minko, mumewe, alikuwa akikoroma kama mtu anayejifanya amelala. Tsonka aliijua tofauti. Minko akilala kweli hupiga mluzi mdogo puani, na usiku ule hapakuwa na mluzi.

Kwa hiyo walikuwa wakisubiri wote wawili, ila mmoja tu ndiye aliyekubali kuonekana.

Ujumbe uliingia alfajiri. "Naja na basi la kwanza, mama. Naichukua naondoka. Usipike."

Tsonka akaamka akapika.

Mambo yalikuwa yameharibika tangu mwezi wa kumi. Minko, aliyefanya ufundi wa mabasi katika karakana ya mji hadi alipostaafu, alimwombea mwanawe kazi palepale, akawabembeleza watu ambao hakuwahi kuwabembeleza kwa shida zake mwenyewe. Yavor akakaa majuma machache, akaacha bila kumwambia mtu, akaenda Plovdiv, mji ulio ng'ambo ya mlima, kupeleka vifurushi milangoni kwa watu. Habari hizo Minko alizipata dukani, amesimama kwenye foleni ya mkate, mbele ya majirani. Jioni ile yalisemwa maneno ya kutosha nyumba tatu. "Toka, usirudi," baba alisema. "Sirudi," mtoto akajibu. Lakini theluji ilikuwa imeanza kuanguka mlimani, na pikipiki haipandi mlima wenye theluji, kwa hiyo ikabaki chini ya nyumba, imefunikwa shuka kuukuu.

Majirani waliilaani theluji ile. Tsonka aliishukuru. Maadamu pikipiki ipo, alijiambia, mtoto atarudi. Sasa theluji imeyeyuka, na mtoto anarudi kuchukua kitu chake cha mwisho. Akishaondoka nacho bila kusema na baba yake, atakuwa na sababu gani ya kuja tena?

Yavor alifika na kofia ya chuma kwapani. Amekonda, Tsonka aliona, na kola ya koti imeanza kuliwa. Akambusu mama yake, akamwachia amfunge mkononi uzi mwekundu na mweupe wa kuaga baridi, kama kila mwezi wa tatu, kisha akaingia moja kwa moja kwenye ghala la chini. Macho hakuyainua kwenye ngazi zinazopanda nyumbani.

Huko juu Minko alikuwa amejifungia kwenye chumba cha jiko, amewasha televisheni kwa sauti ya chini. Alikuwa amenyoa ndevu. Hilo pia Tsonka aliliona.

Alikaa kwenye gunia la viazi akimtazama mwanawe akiondoa shuka, akipachika betri aliyomshushia asubuhi kutoka stoo ya juu, akiuzungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika. Nyumba nzima ikatetemeka. Kutoka juu, kwenye sakafu ya mbao, kisigino kikagonga mara mbili.

Tsonka akapanda ngazi, akaweka sikio mlangoni.

"Nani anakanyaga mafuta hivyo?" Minko alifoka kwa ndani. "Injini bado baridi kama chura! Mwambie huyo punda aiache ipate joto yenyewe!"

Akashuka. "Baba yako anasema iache ipate joto kwanza, mwanangu."

"Mwambie atazame mpira wake."

Akapanda. "Amesema asante."

"Hajasema."

"Amesema, Minko."

Ndivyo kazi yake ya siku ilivyoanza, kazi ambayo hakuiomba. Magoti yake yalikuwa yameshachakaa kwa kupiga deki madarasa ya shule ya mji, na ngazi zile hazikuwa na huruma.

Yavor aliitoa pikipiki uani, akazunguka mti wa mlozi mara mbili, akarudi amekunja uso.

"Taa haizimi," alisema.

"Taa gani?"

"Hii ya manjano, ya breki. Ukiwasha lazima iwake, ni kawaida. Ukishasogea kidogo inatakiwa izime. Hii imeng'ang'ania."

"Na isipozima?"

"Basi ule mtambo unaozuia gurudumu lisikwame haufanyi kazi. Nikibana breki kwenye lami yenye maji, gurudumu linakwama, nateleza." Akaona uso wa mama yake. "Ni taa tu, mama. Nitaibandika kipande cha utepe, sitaiona."

"Hutaiona wewe," Tsonka alisema. "Mlima utakuona."

Akapanda tena bila kutumwa. Minko akamsikiliza kupitia mlango, na sauti ya televisheni ikapungua hadi ikafa.

"Inapepesa au imetulia?"

Akashuka akauliza. Imetulia. Akapanda.

"Betri si tatizo," Minko alisema. "Imejaa."

"Umejuaje imejaa?"

"Nimejua."

Tsonka alisimama pale, mkono kwenye ukuta. Majira yote ya baridi betri ile ilikuwa kwenye stoo ya juu, na mara kadhaa alikuta waya wa kuchajia umehamishwa, akadhani ni yeye anayesahau. Alishuka pole pole.

"Baba yako aliichaji betri," alimwambia Yavor. "Mwezi kwa mwezi. Kwa siri, kama mwizi."

Yavor alichukua kitambaa akaifuta betri ambayo haikuwa na vumbi.

"Anauliza mengine?" alisema baadaye, bado ameinama.

Minko alikuwa na mengine. Je, gurudumu la mbele linazunguka bure? Linazunguka. Je, waya umetafunwa na panya? Yavor akamulika kwa simu, akafuata waya kwa kidole. Panya hawakugusa. Plagi ya kile kifaa kinachopima mwendo wa gurudumu ameifungua? Bado. Pikipiki ilikaa upande gani wa ghala? Upande wa pipa.

Tsonka akapanda na jibu hilo.

"Pipa la kabichi?"

"Tunalo jingine?"

"Mwaka huu nani alikuwa akizungusha maji ya kabichi?"

"Mimi. Wewe bega lako lilikuwa limekataa." Kila baada ya siku chache, alikuwa akifungua bomba chini ya pipa, anakinga maji ya chumvi kwenye ndoo, anapanda kistuli, anayamimina juu tena, ili kabichi iliyolowekwa humo kwa majira ya baridi isioze. Minko alifanya kazi hiyo miaka yote, na Tsonka aliirithi msimu huu, na ndoo ilikuwa nzito.

"Na ulikuwa ukimwaga?"

"Kidogo."

"Kidogo wapi?"

Akafikiria kile kistuli, na shuka kuukuu, na jinsi alivyolifuta kwa mkono akisema hakuna neno, maji tu.

"Kwenye gurudumu," alisema.

Kwa ndani kikatoka kishindo ambacho hakukitambua mara moja, kwa jinsi alivyokuwa hajakisikia muda mrefu. Minko alikuwa akicheka. "Mwambie," alisema akihema, "mwambie huyo punda, pikipiki yake imeshiba kabichi! Aitafute plagi atakuta kutu ya kijani!"

Ilikuwepo. Yavor alipoivuta plagi, midomo yake ya shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani na chumvi nyeupe, kama sufuria iliyosahauliwa. Naye akacheka, ameshika tumbo.

"Mama! Umeifanya pikipiki achari!"

"Nicheke nami?" Tsonka alisema. "Nimejaribu kuokoa chakula."

"Siku nyingine okoa kwa upande wa pili."

Walikuwa wakicheka wote wawili, mmoja juu mmoja chini, kila mmoja peke yake, na wa kuchekwa ni yeye. Hakukasirika. Alichoka tu, uchovu wa mtu aliyebeba maji mbali akakuta mtungi umepasuka.

Yavor akatoa kisu mfukoni.

"Mwambie tumeshaiona. Nakwangua, narudisha, naondoka kabla mvua haijanyesha."

Tsonka akapanda. Minko akaacha kucheka.

"Kisu? Akikwangua na kisu atamaliza shaba yote, taa itarudi akiwa katikati ya mlima! Aoshe kwa maji ya moto, afute kwa rakia, ile pombe yetu kali, akaushe, apake grisi. Mwambie huyo mpumbavu aliyeona karakana ni chafu kwake, angekaa huko mwezi mmoja zaidi angelijua hilo!"

Akashuka. "Baba yako anasema kisu kinaharibu. Uoshe, ufute kwa rakia."

"Mwambie fundi wa mabasi kwamba dunia imehama kutoka kwenye kabureta za zamani. Mwambie hajui kitu ila kumpigia magoti bosi wake. Mimi nakwangua."

Tsonka akaanza kupanda. Alipofika katikati, goti la kushoto likagoma. Akakaa. Juu yake mlango umefungwa, chini yake ghala liko wazi, na katikati yeye na kitambaa chake cha kufutia mikono. Alijaribu kuchuja maneno ya Yavor kama alivyochuja ya asubuhi, na maneno hayakuchujika. Hakuwa na nguvu.

"Nisikilizeni," alisema kwa sauti iliyoenda kote kuwili. "Minko! Mwanao hakusema asante. Alisema utazame mpira wako. Yavor! Baba yako hakukuita mwanangu, amekuita punda tangu asubuhi, na sasa hivi mpumbavu, uliyeona karakana ni chafu. Minko! Mwanao anasema hujui kisicho na kabureta, na kwamba ulimpigia magoti bosi wako. Hajui ulimpigia magoti kwa ajili ya nani. Na anakwangua kwa kisu. Basi. Ndiyo yote. Nimewachujia siku nzima na chujio limetoboka. Mwenye la kusema akaseme mwenyewe."

Uani shomoro walikuwa wakigombania makombo. Kisha kutoka ghalani ukaanza mkwaruzo, mdogo, wa ukaidi, chuma juu ya shaba.

Tsonka aliinamisha kichwa juu ya magoti. Mwanangu ameshaondoka, alifikiri. Nimemwondoa mwenyewe.

Juu, kiti kikasukumwa. Nyayo zikaja, zikasimama. Ufunguo ukazunguka, ukakwama kama kawaida yake, ukazunguka tena, na mlango ukafunguka. Minko alikuwa amevaa soksi bila viatu, shati safi, chupa ya rakia mkono mmoja na birika la maji ya moto mkono wa pili. Alitazama juu ya kichwa cha mkewe, kule chini gizani.

"Weka kisu chini," alisema.

Mkwaruzo ukakoma.