Njia ya Mbuzi, Siku ya Udongo Mweupe

Siku ile ya kiangazi bado ninayo kichwani, mwanangu, na waliokuwepo nitawataja wote kabla sijaenda mbali. Alikuwepo Masenge Tereza, dada yake baba. Kwetu shangazi ndiye masenge. Alikuwepo Anyesi, mke wa baba yangu mdogo, ambaye binti yake Veronika alikuwa anaolewa wiki ile. Alikuwepo Skola, binti wa dada yake Anyesi, aliyekuja na lori kutoka Kasulu kwa ajili ya harusi, amevaa raba nyeupe. Na mimi, msichana mwembamba mwenye haraka. Bibi harusi mwenyewe alibaki nyumbani, maana anayeolewa hatumwi korongoni.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mjukuu wangu Jeni amenipigia simu kutoka Kasulu. Yeye na wenzake wanataka kuja huku Kibondo kutembea kwenye lile korongo letu kavu. Siku hizi ni hifadhi, kuna geti na kibao, na njia zake tatu zimepakwa rangi kwenye mawe. Wao wanataka kuzimaliza zote kwa siku moja, walale nyumbani. Nikamwambia ngoja kwanza, nikusimulie Masenge alivyochagua.

Enzi hizo nyumba ya binti anayeolewa tuliipaka ingwa, ule udongo mweupe unaopatikana chini kabisa ya korongo. Bonge la kwanza huchimbwa na mama mzazi wa binti, kwa mkono wake. Sasa Anyesi alikuwa na nyonga mbovu tangu uzazi wake wa mwisho, akitembea analalia upande mmoja. Mawifi walishaanza kusema achimbiwe na mtu mwingine, na walishamtaja huyo mtu. Asubuhi ile tulimkuta Anyesi mlangoni amejifunga kanga mbili, jembe begani, anatusubiri. Alitaka kuuchimba udongo wa mwanawe na kurudi nao kwa miguu yake mwenyewe. Basi, hicho tu.

Tulipofika kwenye kichwa cha korongo, njia zote tatu zikawa mbele yetu. Ya kwanza ni ya Mwamba, fupi, inashuka kama ngazi kwenye ukuta wa mashariki. Ya pili ni ya Mchangani, inazunguka mbali, inafuata mkondo uliokauka mpaka kwenye bwawa lisilokauka. Ya tatu ni ya Mbuzi. Hiyo inapinda huku, inapinda kule, kwenye ukuta wa magharibi, na mtu mwenye haraka ataitukana.

Skola alitaka ya Mchangani, akaoge bwawani. Mimi, sikufichi, nilitaka ya Mwamba, nionekane jasiri. Anyesi akasema kwa sauti ndogo kwamba popote tutakapopita yeye atatufuata nyuma.

Masenge alikaa juu ya jiwe, akavua ngata kichwani, akaanza kuzitazama kuta. Alitazama jua lilipo, akatazama litakakokwenda. Skola akaninong'oneza kwamba bibi huyu anachagua kitambaa cha gauni. Masikio ya Masenge yalikuwa mazima.

"Kushuka kila mtu anashuka, hata jiwe linashuka," alisema. "Nani kati yenu ameangalia tutakapopandia?"

Tukainua macho kuzitazama kuta.

Akatuonyesha kwa kidole. Mchana ukigeuka, jua litaupiga ule ukuta wa mashariki mpaka mawe yaunguze viganja, na sisi wakati huo tutakuwa tunapanda, vichwani tuna udongo. Ukuta wa magharibi utakuwa kivulini. Kwa hiyo ni Njia ya Mbuzi, kushuka na kupanda. Halafu akamgeukia Anyesi. "Wifi, wewe hufuati. Wewe unatangulia, na hakuna atakayekupita."

Skola hakuweza kujizuia. "Mama mdogo akitangulia, tutafika Pasaka."

"Pasaka nayo sikukuu, mwanangu," Anyesi akamjibu. "Tutailia njiani."

Basi tukashuka kwa mwendo wa Anyesi. Kwenye kona yenye mti Masenge alitundika kibuyu kimoja cha maji, akakataza mtu kukigusa, kile ni cha kurudia. Nilidhani ningekasirika kwa ule mwendo, lakini niliona vitu ambavyo mbio zangu zilikuwa zikiniibia: pimbi wakiota jua, nyuki wakiingia kwenye ufa wa jiwe. Chini kulikuwa na joto la tanuri. Anyesi akapiga magoti, akaisukuma nyonga yake kando kama mtu anayesogeza kigoda, akachimba. Bonge lilitoka jeupe, kubwa kama kichwa cha mtoto. Akalipakata, akalinusa, ndipo nasi tukachimba, kila mtu akajaza kikapu chake.

Hapo Skola akaomba tufike bwawani, maana ni pale tu nyuma ya kona. Hata Anyesi akasema twende, yeye atatungoja kivulini.

"Tulikuja kufuata nini?" Masenge aliuliza.

"Ingwa," nikasema mimi.

"Unayo kichwani?"

"Ninayo."

"Basi safari imekwisha. Iliyobaki ni kufika."

Tulipopanda, kivuli kilikuwa kimeshatufunika, na ukuta wa pili ulikuwa unawaka. Kwenye kona tukakikuta kibuyu, maji yamepoa. Tukanywa, Anyesi wa kwanza. Lakini kwenye kona ya mwisho nyonga yake ilikataa kabisa. Alisimama ameshika mwamba, jasho linadondoka, na kikapu kichwani hakutaka kumpa mtu. Nikaona machozi. Nikawafikiria wale mawifi nyumbani.

Skola akapita nyuma yake bila kuambiwa, akaweka viganja viwili mgongoni mwake. Hakumsukuma, alimzuia tu asirudi. "Mama mdogo," akasema, "mimi sina haraka."

Anyesi akainua mguu. Akainua mwingine. Alipotokeza juu aliachia kigelegele kirefu, na kijiji kizima kikaitika kabla hakijajua nani amekipiga. Jioni ile nyumba ya Veronika ilikuwa nyeupe, na juu ya mlango kulikuwa na alama ya kiganja cha mama yake. Mawifi walicheza ngoma mpaka wakakaa chini wenyewe.

Kwa hiyo Jeni, na wewe mwanangu unayesoma, ramani ya getini itakuonyesha njia zinakokwenda. Wewe angalia zinavyorudi, na jua litakuwa wapi wakati huo. Mwenye mguu mzito mtangulize, chagua njia inayomtosha yeye, wengine itawatosha. Acheni maji njiani ya kurudia. Njia moja inatosha kwa siku, bwawa halihami. Mungu awape pumzi ndefu ya kupandia, awafikishe juu wote mkiwa mnacheka.

Nami nimeshamwambia Jeni tutakwenda wote, kwa Njia ya Mbuzi, na mbele natembea mimi.

Kama kuna nililolikosea, mnisahihishe. Hasa wewe Skola, kama zile raba hazikuwa nyeupe, niambie.