Arobaini ya Mpwa Wangu

Kutoka Dar es Salaam nilipanda treni hadi Morogoro, kisha lori la mizigo, juu ya magunia ya chumvi. Pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, rejeta ilichemka na dereva akatushusha. Tulipanda mlima kwa miguu, lori likiguna nyuma yetu. Nilifika Mbeya siku ya tano, midomo imepasuka kwa baridi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimeacha ukarani bandarini kwa sababu nisiyoweza kuieleza hata leo. Nilitaka kukaa kwa dada yangu wiki mbili tu, kisha niende Chunya kwenye dhahabu.

Dada alikuwa ameolewa na muuza nguo, mtu wa pwani kama sisi, na walikaa nyuma ya duka. Dirisha la chumba lilizibwa kwa gunia na jiko la mkaa liliwaka mchana kutwa. Mpwa wangu, binti wa mwaka na miezi minane, alikuwa amevikwa kofia ya sufu na kuviringishwa shuka tatu. Alikuwa hajasimama.

"Huyu bado yuko arobaini?" nilitania. Kwetu mzazi na mtoto hukaa ndani siku arobaini.

"Cheka tu. Wewe ni mpita njia. Baridi hii ilimuua wa kwanza."

Nilijua mtoto wa kwanza alikufa kwa kichomi. Sikujua kwamba huyu wa pili hakuwa ametolewa nje tangu azaliwe.

Mama mmoja Msafwa, mwenyeji wa pale, aliyetuletea viazi, alichungulia mlangoni. "Wewe mama Mswahili, sisi tunaficha gizani mbegu ya viazi, nayo inachipua. Huyu wako mbona hachipui?"

"Ninyi mmezoea baridi."

"Nani kazoea? Tunaota jua."

Siku ile nilimfungua mtoto zile shuka. Miguu ilikuwa imepinda kama upinde, na vifundo vya mikono vimevimba. Nikasema twende zahanati. Dada alinitazama sana.

"Ukimtoa humu, usiondoke mpaka asimame."

Niliahidi haraka, kama nilivyozoea kuahidi.

Dresa wa zahanati, msaidizi wa daktari, mzee wa Kihehe, alivibonyeza vile vifundo. "Huyu anaona jua?"

"Mama yake anaogopa baridi."

"Baridi mbali, jua mbali, bwana. Mifupa imelegea kwa kukosa jua." Alitupatia chupa ya mafuta ya samaki. Nilipouliza kama miguu itanyooka, alisema tu kwamba tumechelewa kidogo. Neno vitamini nililisikia miaka mingi baadaye.

Basi kila asubuhi nilikaa na mtoto kwenye ukuta wa nyuma, mahali upepo haufiki, miguu yake wazi. Mwanzoni alifumba macho na kulia. Dada alitoka kila mara kumshika nyayo, aone kama zimepoa. Upande wa pili wa uzio malori ya Chunya yalipita na vumbi lao, nami nikayahesabu kama mfungwa. Mtoto alipokohoa mara moja, dada alimfungia ndani siku nne, nami nikamwambia maneno ambayo sipendi kuyakumbuka. Siku ya tano alimtoa mwenyewe, akakaa naye juani.

Miezi mitano ilipita. Asubuhi moja mtoto alishika ukuta, akasimama, akapiga hatua mbili. Miguu ilikuwa bado imepinda. Siku hiyohiyo nilifunga mzigo wangu.

"Ungengoja basi inyooke," dada alisema.

"Niliahidi asimame."

"Ndiyo. Uliahidi hivyo."

Lori lilipiga honi barabarani kesho yake. Nilipotoka kuaga, dada hakuinuka. Alikuwa amemshika mtoto mikono yote miwili, akimfundisha kugeuka bila kuanguka. Nilisimama kidogo nikiwatazama, kisha nikapanda juu ya mizigo. Mbeya sikurudi tena.