Tuta la Mchanga Nililolipima Hadi Likaisha

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisini kwetu Mpanda, nilipewa fito ndefu yenye namba nikaambiwa nisimame wima. Hiyo ndiyo kazi ya mshika fito. Mpimaji anachungulia kwenye darubini yenye pimamaji, anasoma namba kwenye fito yako, na kwa namba hizo anajua ardhi imepanda au imeshuka kiasi gani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Saa saba mchana nilikuwa bado nimesimama, wenzangu wamekwenda kula, kwa sababu hakuna aliyeniambia nishushe fito.

Nawaandikia nyie mnaoanza kazi sasa, na siwafichi kwamba naandika nikiwa na hasira. Kiasi ni hasira juu ya watu. Kubwa zaidi ni juu yangu mwenyewe.

Chuo sikwenda. Niliokota stoo kitabu cha upimaji kilicholiwa na mchwa, nikakisoma kila Jumapili chumbani kwangu Makanyagio. Mwaka wa tatu mpimaji wetu akahamishwa. Mkuu wetu, tuliyemwita Bwana Mhandisi, akaniita mezani kwake.

"Nasikia darubini unaijua."

"Kidogo, mzee."

"Kidogo kinatosha. Mwingine sina."

Tangu siku hiyo niliishi na woga. Watu waliamini najua, na mimi nilijua nilichojua ni kurasa zilizosalimika. Nilipima kila kitu mara tatu. Nilikuwa kijana anayefunga mlango, anatembea hatua kumi, anarudi kuusukuma.

Safari yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa kijiji kimoja cha Mpimbwe, ukipita Kasansa unashuka kuelekea Ziwa Rukwa. Bwana Mhandisi alitaka kujua kama panafaa kuwekwa pampu. Ndipo nilipoliona tuta.

Wengi mnadhani matuta ya mchanga ni mambo ya jangwani, au ya pwani ya bahari. Hata ziwa hujenga yake. Wakati wa kiangazi upepo unavuma kutoka ziwani, unabeba mchanga mkavu wa ufukweni. Ukikutana na majani unapunguza nguvu na kuudondosha. Majani yanafukiwa, yanachomoza tena, yanashika mchanga mwingine. Baada ya miaka mingi panakuwa na kilima, upande wa ziwa umelala, upande wa kijiji umesimama. Jangwani tuta lisilo na majani huhama na kumeza mashamba. Hili halikuhama, kwa sababu wanawake wa pale walikuwa na desturi yao: anayekuja kuchota maji anachomeka kitawi cha majani palipobaki wazi, ndipo anainamia kisima.

Maji ya Rukwa yana magadi. Ng'ombe wanayanywa, mtu yanamkwaruza koo. Lakini chini ya tuta, upande wa kijiji, kulikuwa na visima vifupi vyenye maji matamu. Mvua inayonyesha juu ya mchanga haikimbii, inazama, inakaa humo kama ndani ya mtungi. Maji hayo matamu ni mepesi, yanakaa juu ya yale ya magadi na kuyakandamiza yasipande. Nilipima usawa wa visima nikakuta uko juu kuliko ziwa. Kwa hiyo maji hayakutoka ziwani. Yalitoka ndani ya tuta.

Mama Skola, mwanamke wa Kipimbwe mwenye kisima kikubwa kuliko vyote, alinitazama nikipigilia vigingi siku nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Vijiti. Unatafuta nini?"

"Natafuta maji yanatoka wapi."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Yanatoka humu! Ungeuliza, ungekuwa umeshakula ugali."

Niliporudi Mpanda nilikuta habari mpya. Mkandarasi mmoja, jina lake silitaji, alikuwa ameomba mchanga wa lile tuta kwa ajili ya ujenzi. Bwana Mhandisi hakupendezwa.

"Vipimo unavyo?"

"Ninavyo, mzee."

"Niletee ripoti Ijumaa. Nikiwa na karatasi nitamzuia. Bila karatasi sina mdomo."

Ijumaa sikupeleka. Naeleza kwa nini, na aibu yake bado ninayo.

Upimaji wa usawa una jambo linaitwa kufunga. Unaanzia kigingi kimoja, unazunguka, unarudi palepale. Hesabu zinatakiwa zikupe urefu uleule ulioanza nao. Zangu zilipishana kwa upana wa kidole. Nikaona nimeumbuka, kwamba sasa itajulikana sikusoma. Nikamwambia mkuu naomba muda kidogo, nikapanda lori kurudi Mpimbwe kupima upya. Kipimo cha pili kikapishana kwa upana wa kucha. Nikaanza cha tatu.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya Ijumaa ile malori yalipofika. Nilisimama na darubini yangu nikiangalia majembe yakikata upande uliosimama. Mama Skola alikuja mbio, kanga mkononi.

"Bwana Vijiti! Waambie waache!"

"Mama, ripoti bado haijakamilika."

"Haijakamilika? Mchanga unaondoka, wewe unahesabu? Nikuletee ungo basi uuchekeche!"

Nilimfuata msimamizi wa malori. Akaniuliza, "Una barua?" Sikuwa nayo. Akageuka kuwaambia vijana wake wajaze. Nami, Mungu anisamehe, nilirudi kwenye darubini nikamaliza mzunguko. Ulifunga sawasawa, bila kosa hata la unywele.

Bwana Mhandisi aliipokea ile ripoti safi, akaifungua, akaifunga.

"Mara ya kwanza ulikosa kiasi gani?"

"Upana wa kidole, mzee."

"Kwa umbali ule? Hiyo inaruhusiwa! Hukuona kwenye kitabu?"

Ukurasa ule mchwa walikuwa wameula. Miaka yote ile sikujua kwamba kuna kosa linaloruhusiwa, na niliona haya kuuliza.

Lakini na yeye simwachii. Alikuwa na gari, alikuwa na cheo, na nilikuwa nimeshamwambia kwa mdomo tuta lina maji. Angeweza kwenda kusimama mbele ya malori. Alikaa akisubiri karatasi, mimi nikakaa nikiipamba, na mkandarasi ambaye hakusubiri chochote akamaliza kazi yake.

Kiangazi kilichofuata nilirudi. Mama Skola hakuniita Bwana Vijiti. Alichota kata moja kisimani akanikabidhi.

"Kunywa. Kunywa kwanza, halafu ndiyo uandike."

Nilikunywa. Yalikuwa ya magadi. Mchanga ulipopungua, maji matamu yalipungua uzito, na yale ya chini yakapanda. Kuanzia hapo alifuata maji mtoni, asubuhi kwenda, mchana kurudi.

Baadaye nilihamishiwa Ugalla, nikafanya kazi huko mpaka nikastaafu. Kila ripoti niliipeleka kwa siku yake, na kosa lake nimeliandika ukurasa wa kwanza. Wakuu wengine walinicheka. Niliwaacha wacheke.

Mwaka jana nilikwenda Mpimbwe kwenye msiba wa Mama Skola. Nilimkuta binti mmoja mtaalamu wa maji akipima visima vile vilivyoachwa, simu mkononi. Alinisalimu kwa heshima, nikamuuliza anaandika nini.

"Naandika chumvi ya asili, babu. Ndivyo ziwa hili lilivyo."

Nilipandisha sauti hadi waombolezaji wakageuka. "Futa! Hapa palikuwa na maji matamu. Aliyezikwa leo aliyanywa mpaka sisi tulipomwondolea tuta."

"Babu, ripoti inatakiwa leo. Ushahidi uko wapi?"

"Kuna ripoti yangu ofisini. Ilichelewa wiki mbili."

"Na hadi niitafute…"

"Usiitafute. Andika tuta lilikuwepo, malori yakalichukua, na mpimaji aliyekuwa na vipimo mkononi hakuvitoa. Andika jina langu." Nikamtajia herufi moja moja, nikasimama pale mpaka akabonyeza kutuma.