X Nyekundu Kwenye Mti wa Mwewe

Mama yangu anauza supu ya vichwa vya mbuzi Kiamaiko, hapa Nairobi, na tangu nizaliwe kivuli chake kilikuwa mgunga mmoja wenye viota vya mwewe. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, aliwarushia mwewe vipande vya matumbo. Ukiwanyima watamnyang'anya mteja nyama mdomoni, kwa hivyo hiyo ni kodi tu.

Basi wakaja wasomi wawili, wakaniajiri niwe mkalimani wao. Mmoja alikuwa daktari wa bayolojia, kazi yake kuchungulia viota. Mwenzake alikuwa mwanaanthropolojia, kazi yake kutuchungulia sisi. Tuliambiwa elimu hizo mbili zikioana, ndege watahifadhiwa pamoja na watu wanaoishi nao. Ndoa nzuri kweli, ila maharusi hawakuwa wakizungumza. Wa anthropolojia alimhoji Mama kuhusu yale matumbo, akaandika kwamba ni tambiko. Mama, mtu wa kanisa Jumapili na Jumatano, alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

Jumamosi moja nikiwa soko la Muthurwa kununua viatu, daktari alikuja peke yake kutia alama miti ya kuhifadhiwa. Katika rangi zote za Mungu akachagua nyekundu. Akaupiga mgunga wa Mama alama ya X, kubwa, safi, ya kupendeza, akaenda zake.

Jamani, Nairobi hii hata mtoto wa chekechea anaijua X nyekundu. Ikipigwa ukutani, tingatinga liko njiani. Na sisi tuna desturi yetu: ukishapigwa X, hungoji. Unang'oa mabati, mlango, hata misumari, usiwaachie kitu.

Niliporudi mti ulikuwa chini. Mama na majirani walikuwa wakigawana kuni, macho ya Mama mekundu, na jiko lilikuwa halijawashwa. Makinda ya mwewe aliyaweka kwenye karai, ameyafunika kwa leso yake.

Jumatatu daktari akauliza nani aliyefanya unyama huu. Mama akasema ni yeye mwenyewe. Wasomi wakatazamana, wakakubaliana kwa mara ya kwanza: jamii hii inahitaji kuhamasishwa. Kwa hasira niliyokuwa nayo, heri panga lilikuwa mbali.

Walipoondoka nikamweleza Mama kwamba ile X ilimaanisha mti usiguswe. Alikuwa amesimama juani, akikoroga supu, jasho likimtiririka.

"Na kabla hawajaja," akaniuliza, "nani alikuwa anaulinda?"